Stebilaiza ya nyuma kwenye gari la zamani lenye mbio: anza na mpira, chuma baadaye

Stebilaiza ya milimita 22, yaani kile chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, ilikaa chini ya kitanda changu miezi mitatu kabla sijaigusa. Niliinunua kwa ajili ya Impreza WRX yangu, ile ya umbo la GC8, kwa sababu pua ya gari ilikuwa haisikii. Unakata usukani, pua inaendelea kwenda ilikokuwa inaelekea, tairi za mbele zinalia, na mkia umetulia tuli kama mzee aliyeshiba. Siku nilipoingia chini kuifungua ile ya zamani nikaishika kwa mkono, nikaitikisa. Ikacheza. Mpira wa bushi, ule unaoshika chuma, ulikuwa umelika mpaka pakabaki nafasi ya kama milimita mbili kati yake na chuma, na linki ya kushoto, ile fimbo fupi inayounganisha ncha ya chuma na gurudumu, ilikuwa inaning'inia kama jino la mtoto wa miaka sita. Chuma nilichokuwa nakilaumu kwa wembamba wake kilikuwa hakijapewa hata nafasi ya kufanya kazi.

Nikaweka bushi mpya na linki mpya kwenye chuma kilekile cha zamani. Nusu ya malalamiko yangu iliisha jioni hiyohiyo. Ndiyo maana maelekezo haya yanaanza na mpira, ingawa najua wewe umekuja kutafuta chuma.

Chuma hiki kinafanya nini

Stebilaiza ni springi ya kusokotwa. Imefungwa kwenye bodi au kwenye fremu ya chini kwa bushi mbili, na ncha zake zimeshikwa na mikono ya magurudumu kwa linki. Magurudumu yote mawili yakipanda kwa pamoja, inazunguka tu ndani ya bushi na haipingi kitu. Gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje linapanda na la ndani linashuka, chuma kinasokotwa, na kule kusokotwa ndiko kunakozuia gari lisilale zaidi.

Wengi wanaamini stebilaiza nene inaongeza mshiko wa gari. Haiongezi. Uzito unaohama kutoka tairi za ndani kwenda za nje unatokana na ukali wa kona na mwendo wako, upana wa gari, na kimo cha kitovu cha uzito. Funga chuma kinene kama bomba la maji ukitaka, jumla ya uzito huo itabaki karibu ileile. Kinachobadilika ni nani anaubeba, mbele au nyuma. Ukikaza nyuma, tairi ya nje ya nyuma inabebeshwa zaidi, na jozi ya mbele inapata nafuu. Tairi nayo ina tabia yake: ukiiongezea mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili, unapungua kidogo chini ya hapo. Kwa hiyo jozi iliyobebeshwa bila usawa inapoteza, na jozi iliyopunguziwa inapata. Kazi yote hii ni kuiibia nyuma ili uipe mbele.

Sasa jiulize kama nyuma ya gari lako ina cha kuibiwa.

Gari la kuvuta mbele huwa nacho kingi, kwa sababu tairi za nyuma zinafuata tu. Volkswagen Golf GTI za mwanzo zilijulikana kwa kunyanyua tairi ya ndani ya nyuma kwenye kona kali, na zikaendelea na safari bila shida; tairi ile haivuti kitu. Tena chuma kigumu nyuma kinasaidia tairi ya ndani ya mbele ibaki chini na ipate kuvuta wakati unatoka kwenye kona. Gari la kusukuma nyuma ni habari nyingine. Chukua BMW E30 yenye difu ya kawaida (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili): ukikaza nyuma sana, tairi ya ndani inapungukiwa uzito, inazunguka bure, na nguvu yako yote inaishia kwenye moshi wa tairi moja. Hapo bora uanze na mbele, au uanze na difu. Porsche 911 za zamani, zenye injini nyuma ya ekseli, mimi singekaza nyuma mpaka mtu anionyeshe sababu mara mbili. Gari la kuendesha magurudumu yote kama la kwangu liko katikati, na likitoka kiwandani kwa kawaida limewekwa lipoteze pua kwanza, maana dereva wa kawaida akiona pua inakwenda nje anaachia mafuta, na gari linarudi lenyewe.

Unene, na kwa nini milimita moja si ndogo

Ugumu wa chuma kizima unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Hili ndilo linalowaumiza watu. Ya kwangu ya kiwandani, nilipofuta tope na kuipima kwa kalipa, ilisoma 17. (Usiichukue namba hiyo kama sheria, magari ya umbo moja yalitoka na vipenyo tofauti kulingana na mwaka na daraja, kwa hiyo pima la kwako.) Kutoka 17 kwenda 20 ugumu unafika mara 1.9. Kwenda 22, mara 2.8. Kwenda 24, karibu mara nne. Kwa macho vyuma hivyo vinafanana, ukivishika mkononi unasema tofauti ni ya kidole, lakini kwenye kona yenye maji utaijua.

Zipo pia zenye tundu ndani. Chuma cha milimita 24 chenye tundu la milimita 16 kinapoteza kama asilimia 20 ya ugumu ukilinganisha na kizima cha kipenyo hichohicho, lakini uzito unapungua kwa asilimia 44. Kwa hiyo usilinganishe vipenyo viwili kabla hujauliza kama kimoja kina tundu.

Nyingi za kisasa zina matundu mawili au matatu ya kufungia linki kila upande. Tundu lililo karibu na ncha ndilo laini, la ndani ndilo gumu, kwa sababu mkono unapokuwa mfupi chuma kinakuwa kibishi zaidi. Mkono ukipungua kutoka milimita 220 hadi 200, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 21. Ndiyo maana napenda zenye matundu: unaweza kuanza kwa upole, ukasogea baadaye bila kununua tena.

Ushauri wangu kwa gari la barabarani ni kupanda hatua moja, milimita mbili au tatu juu ya ya kiwandani, na kufunga tundu laini kwanza. Ile 22 yangu ya chini ya kitanda haikufungwa kwenye gari langu. Nilifunga 20.

Kuna siku ilinifundisha hivyo. Rafiki yangu ana Honda Civic ya miaka ya 1990, ya kuvuta mbele, nami kwa ujuaji nikamfungia 24 kwenye tundu gumu. Kwenye lami kavu gari lilikuwa raha, linageuka kama panya. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha, tukaingia mzunguko wa barabara, mimi nikiwa kiti cha abiria, akaachia mafuta kidogo tu kwa sababu lori lilikuwa mbele. Mkia ukatupita. Tulizunguka nusu duara, tukasimama kwenye nyasi tukiangalia tulikotoka. Hakuna aliyeumia, gari halikuguswa. Tuliposhuka nikainama kusoma tairi za nyuma: tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa (2318, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2018), na zake zilikuwa na umri wa miaka minane, mpira mgumu kama kwato. Nyuma yake haikuwa na cha kuibiwa, nami nikaiibia.

Kabla hujafungua bolti yoyote

Tairi nzuri ziwe nyuma, si mbele, hata kama gari linavuta mbele. Shokapu ziwe nzima. Stebilaiza nene juu ya shokapu iliyokufa inafanya mkia urukeruke kwenye kona yenye mashimo. Kisha tazama sehemu zinazoshika chuma, kwani hapo ndipo magari ya zamani yanapolia. Mvutano uliokuwa unapita kwenye chuma cha 17 utapita sasa ukiwa karibu mara mbili, kwenye bati lilelile lenye umri wa miaka 25 au 30. Kwenye Civic za umbo la EG na EK, fremu ya nyuma inayoshika stebilaiza inajulikana kwa kuchanika mtu akifunga chuma kinene bila kuiongezea nguvu. Kwenye Impreza, vishikio vya bushi vya kiwandani vinapinda, na ndiyo maana vinauzwa vizito zaidi. Mimi nilianza na seti moja ya bei nafuu; ilipinda kabla ya mwezi kwisha, nikaigundua kwa sauti ya "tok" kila nikipita tuta kwa pembe.

Sugua kutu kwa brashi ya waya, gonga kwa mpini wa bisibisi, sikiliza. Bati zima linalia kwa ukali, lililooza linatoa sauti ya kufa. Kama kuna mpasuko au bati limelika, kazi imegeuka kuwa ya kuchomelea, na nyuma ya gari kuna tangi la mafuta na mabomba yake. Hiyo mpe fundi wa kuchomelea anayejua kuyaondoa hayo kwanza na kukata betri. Usimwambie "gusa kidogo tu hapo".

Kazi yenyewe

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu. Usiku mmoja wa kuloweka unakuokoa saa mbili za matusi.

Asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare, weka kabari tairi za mbele na nyanyua nyuma yote. Nasema yote. Mara ya kwanza nilinyanyua upande mmoja nikadhani nabana muda. Gurudumu moja likining'inia na jingine likiwa chini, stebilaiza inakuwa imesokotwa na imejaa nguvu. Nilipotoa bolti ya linki mkono wa chuma uliruka ukapita sentimita moja kutoka kwenye kidole gumba changu. Weka stendi mbili imara, litikise gari kwa nguvu kabla hujaingia chini, na usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Piga picha kila upande. Fungua linki kwanza. Kama zina boli jointi (kiungo cha duara kinachozunguka), jointi itazunguka pamoja na nati. Shika katikati kwa ufunguo wa Allen au kwa bapa la spana nyembamba huku ukifungua. Kama kutu limeshinda, kata linki, kwani unaweka mpya hata hivyo. Kisha fungua vishikio vya bushi na utoe chuma. Kwenye gari langu hakikutoka mpaka niliposhusha ekzosi kwenye mipira yake miwili ya nyuma. Ifunge kwa waya isining'inie kwa uzito wake.

Ukikishika chuma cha zamani mkononi, kilaze kando ya kipya. Mipindo ilingane, umbali kati ya ncha ulingane. Nimeshaletewa boksi lenye jina sahihi na chuma cha gari jingine ndani.

Bushi mpya zikiwa za poliurethani, zipake grisi ya silikoni kwa ndani, nyingi, bila aibu. Zisipopakwa zitalia kama mlango wa ghala ndani ya wiki mbili. Bushi za mpira usizipake grisi ya kawaida ya mafuta ya petroli, inaula mpira. Mpira ni laini na kimya, poliurethani inajibu haraka zaidi na inadai kupakwa upya mara kwa mara. Kwa gari la kila siku nisingecheka mtu anayechagua mpira mpya wa kiwandani.

Funga vishikio kwa vidole kwanza, usikaze. Kiweke chuma katikati kwa kupima kutoka kila ncha hadi sehemu moja ya bodi, kushoto na kulia. Kama chuma kimekuja na pete za kuzuia kisitembee pembeni, zifunge zikigusa bushi bila kuibana. Kisha kizungushe kwa mkono juu na chini. Kinatakiwa kwenda kwa uzito wa grisi, bila kukwama. Kikikwama kishikio kimebana mno, na ukilazimisha utakuwa umeongeza ugumu usioupimia.

Linki ndizo zinazotaka subira. Zisikazwe magurudumu yakining'inia. Shusha gari likae juu ya tairi zake, ukiweka mbao pana na nene chini ya kila tairi ili upate nafasi ya mikono, lisukume juu na chini mara kadhaa litulie, na ikiwezekana mtu wa uzito wako akae kiti cha dereva. Funga linki ya upande mmoja. Linki ya pili inatakiwa iingie kwenye tundu lake bila kusukumwa wala kuvutwa. Ikigoma kwa milimita tano, stebilaiza imeshasokotwa kabla gari halijaondoka, na gari litageuka tofauti kushoto na kulia. Hapo ndipo linki zenye nyuzi za kurefusha zinapolipa gharama yake: refusha au fupisha mpaka bolti iingie kwa kidole. Ukikosa hizo, angalia kwanza kama springi za pande mbili zina kimo sawa. Tundu la kushoto na la kulia liwe lilelile.

Kukaza, fuata kitabu cha gari lako na karatasi ya chuma chako. Visipokuwepo, bolti ya M8 ya daraja la 8.8 huenda karibu Nm (niutoni-mita) 25 na ya M10 karibu Nm 48. Nati zenye plastiki ndani zitumike mara moja tu.

Mwisho, nyanyua tena, tazama mikono ya chuma magurudumu yakiwa yamening'inia na yakiwa yamebanwa juu kwa jeki. Iwe mbali na shafti, paipu ya breki na ekzosi. Mimi napaka chokaa iliyolowa sehemu zinazokaribiana, naendesha dakika kumi, kisha natazama kama imefutika.

Kujaribu

Si barabarani. Tafuta uwanja mpana wa lami ambao mwenyewe amekuruhusu na hakuna mtu mwingine. Panga koni duara lenye nusu kipenyo cha mita 30, zunguka kwa mwendo usiobadilika, ongeza kidogo kidogo. Kwenye lami kavu tairi za kawaida zinaanza kulalamika kwenye kilomita 50 na kitu kwa saa. Sikiliza ni mwisho upi, mbele au nyuma, unaolalamika kwanza. Kisha, ukiwa chini ya mwendo huo, achia mafuta taratibu. Pua ikijikunja ndani kidogo, umepata ulichotaka. Mkia ukianza kutembea na wewe unarudisha usukani haraka, rudi tundu laini. Kama uko tundu laini tayari, rudi chuma chembamba. Rudia yote hayo lami ikiwa na maji, kwani kavu haitakuambia ukweli wote. Zunguka pande zote mbili.

Shinikizo la tairi lisibadilike katikati ya majaribio. Daftari langu la siku ile lina mistari mitatu tu: bushi mpya na chuma cha 17, pua inatoka kwanza lakini baadaye kuliko zamani; 20 tundu laini, pua bado inatoka kwanza, kwa mbali sana, na kuachia mafuta kunairudisha; 20 tundu gumu, tairi nne zote zinateleza kwa pamoja kwenye kavu, kwenye maji mkia unatangulia. Nikarudi tundu laini na sijaligusa tena.

Jambo moja utalisikia siku ya kwanza: tairi moja ya nyuma ikiingia shimoni, nyuma yote inatikisika pembeni zaidi ya zamani. Chuma kinaunganisha pande mbili, kwa hiyo pigo la kushoto linafika kulia. Ukiishi kwenye barabara mbovu, hesabu hilo kabla ya kuchagua unene.

Baada ya kilomita 100 ingia tena chini na spana. Mimi huchora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake siku ya kufunga. Mistari mitatu ilikuwa imenyooka. Wa nne, linki ya kulia juu, ulikuwa umeachana kama robo ya mzunguko.